Na Mimi Niko Ubeti wa Ngapi?

Likizo iliyopita tulikuwa mafrateri watatu pale Hale, wilayani Korogwe, tukisaidia kazi za kichungaji katika vigango vya jirani. Padre mmoja mzaliwa wa huko alikuwa anajiandaa kuadhimisha jubilei ya miaka 25 ya upadre. Kamati ya sherehe ikatukabidhi kazi ambayo mafrateri hukabidhiwa karibu kila waendako: kutunga shairi la kusomwa baada ya Misa. Tulikubali kwa furaha. Mmoja wetu alisoma Kiswahili kidato cha tano na cha sita, na sisi wengine tulijua angalau kuhesabu mizani. Kwa jioni mbili tukawa tumemaliza beti kumi na nne.

Tulidhani ni shairi zuri. Ndani yake padre alikuwa mtoto asiyegombana na mtu. Alicheza Misa chini ya mwembe, vipande vya muhogo vikiwa hostia. Usiku aliitwa kama Samweli, na asubuhi akaondoka nyumbani bila kugeuka nyuma. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameambiwa mambo hayo. Tuliyaokota katika mashairi mengine ya jubilei tuliyowahi kuyasikia, tukamvika yeye.

Siku ya mazoezi dada yake mkubwa alikuja kusikiliza. Ni mama wa miaka sitini na ushee. Baba yao alikuja Tanga kukata mkonge enzi za manamba, wale vibarua waliotolewa mbali na kujulikana kwa namba zao kuliko kwa majina. Yeye mwenyewe aliacha shule akiwa darasa la tano, akaenda kuanika nyuzi za mkonge kwenye korona ili mdogo wake apate ada, sanduku na viatu vya kwendea seminari ndogo. Haya tulikuja kuyajua baadaye. Tulipomaliza kusoma alipiga makofi, akatushukuru, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Wanangu, na mimi niko ubeti wa ngapi?"

Hatukuwa na jibu. Tuliporudi seminarini swali lile likatufuata hadi darasani, na makala haya ni jitihada yetu ya kulijibu. Hoja yetu ni hii: mtu kujitungia hadithi kuhusu nafsi yake, au kutungiwa na wenzake, si uongo kwa lazima. Hadithi hiyo inakuwa ya kweli inapomfunga mwenyewe kama ahadi, na inapowapa nafasi wale waliomfikisha alipo. Ikikosa mambo hayo mawili inageuka pambo, na pambo halimlei mtu.

Mshairi anapojitungia nafsi

Katika fasihi kuna neno kisasili: masimulizi ambayo jamii hujisimulia ili ijue imetoka wapi na inapaswa kuishi namna gani. Mtu mmoja naye anaweza kuwa na kisasili chake. Huchagua tukio hili na kuliacha lile, hulitaja jina hili na kulinyamazia lile, hadi msomaji anamwona mtu mwenye umbo fulani, pengine tofauti na yule aliyekuwa akipanga foleni sokoni.

Warusi wamelijadili sana jambo hili, kwa kuwa washairi wao wengi walilifanya waziwazi. Aleksandr Pushkin, aliyeishi kati ya 1799 na 1837, alikuwa na mababu wengi wa kabaila wa Kirusi. Lakini babu wa mama yake, Abram Gannibal, alikuwa Mwafrika aliyepelekwa utotoni kwa mfalme Petro Mkuu, akalelewa naye na hatimaye akawa jenerali. Pushkin alimshika babu huyo. Katika *Yevgeni Onegin* anaitaja Afrika kama yake mwenyewe, ingawa hakuwahi kuikanyaga. Karne iliyofuata, Anna Akhmatova, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Gorenko, alichukua jina la upande wa mama lililobeba madai ya nasaba ya makhani wa Kitatari, na kwa jina hilo akaingia katika historia.

Je, hao walidanganya? Gannibal alikuwepo kweli. Pushkin hakumzua, alimchagua. Lakini hatuna haja ya kwenda hadi Urusi kuitafuta hekima ya jambo hili. Mto Pangani unaopita Hale, ambao maji yake yalianza kuzungusha mitambo ya umeme ya pale mwaka 1964, unateremka hadi baharini katika mji wa Pangani. Huko, miongo kadhaa kabla ya umeme huo, kulikuwa na karani wa forodha aliyejitungia nafsi kwa beti kuliko yeyote tunayemjua katika lugha yetu. Ni Shaaban Robert.

Karani na hati yake

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini mwa mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa na serikali ya Waingereza. Alitumikia idara ya forodha hadi 1944, Pangani ikiwa mojawapo ya vituo vyake. Baadaye alifanya kazi katika idara ya mifugo, katika ofisi ya mkuu wa wilaya ya Tanga, na katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Alifariki mwaka 1962, miezi michache baada ya Tanganyika kupata uhuru.

Hayo ndiyo maisha yake kwa mujibu wa faili: kuhamishwa, kupandishwa cheo kidogo, kustaafu. Katika macho ya ofisi alikuwa karani mweusi katika nchi isiyomilikiwa na weusi. Tukisoma mashairi yake tunakutana na mtu mwingine. Huyu haombi ruhusa ya kusema. Anauusia ulimwengu mzima, anaitetea kweli, anapima upendo, anaizungumzia Afrika nzima kana kwamba wote wamekaa barazani wakimsikiliza. Mwaka 1949 alitoa kitabu akakiita *Mwafrika Aimba*. Hakuna ofisi iliyompa madaraka hayo. Alijipa mwenyewe kwa kalamu.

Tutazame jambo dogo linalotuvutia zaidi. Alimtungia binti yake Mwanjaa utenzi wa mawaidha, akauita *Hati*. Mwanawe wa kiume, Suleiman, alimtungia mwingine, akauita *Adili*. Neno hati ni neno la ofisini. Karani hushinda akiandika hati za mizigo, hati za ushuru, hati za watu wengine. Karani huyu aliporudi nyumbani aliandika hati ya kwake, na mrithi wake ni mtoto wa kike, katika zama ambazo mtoto wa kike hakutarajiwa kurithi mengi. Hakuwa na mashamba ya mkonge ya kumwachia, wala nyumba ya ghorofa. Alimwachia maneno, akayapa heshima ya waraka wa urithi. Hapa tunamwona akijiumba: kutoka mwandikaji wa karatasi za wakubwa hadi baba mwenye jambo la kurithisha.

Tazama pia alivyojiweka mbele ya lugha. Wazee wake walikuwa na asili ya Kiyao. Yeye alijitambulisha kuwa Mswahili, na katika ushairi wake Kiswahili ni mama aliyemnyonyesha. Kama Pushkin alivyomchagua babu mmoja kati ya wengi, Shaaban Robert alichagua mama. Na jina lake lenyewe, la Mwislamu aitwaye Robert, limewashangaza wasomaji wengi. Yeye hakulificha wala hakulibadili. Alilijaza maana mpya, hadi leo mtoto wa shule akisikia Robert katika somo la Kiswahili hamfikirii Mzungu.

Kisha yupo Amina, mke wake, aliyefariki wangali katika umri wa kuanza maisha. Shaaban alimwombolezea kwa shairi lenye jina lake. Aliendelea kuishi, akaoa tena, akalea. Hata hivyo jina la Amina limebaki katika vitabu vya shule miaka mingi baada ya wote wawili kuzikwa. Katika kisasili cha mtu huyu mkubwa kuna mlango ambao mkewe anaingia kwa jina lake. Mwanjaa yumo, Suleiman yumo, Amina yumo.

Plato angewafukuza wote

Wanaosoma falsafa pamoja nasi watauliza: na Plato? Katika kitabu cha kumi cha *Jamhuri* anawaondoa washairi mjini, kwa hoja kwamba wanaiga vivuli na wamekaa mbali na ukweli. Kama angelisikia shairi letu la jubilei, angetufukuza Hale siku ileile, na tungestahili. Tulikuwa tumeiga kivuli cha kivuli: mtoto wa muhogo na mwembe, aliyenakiliwa kutoka shairi hadi shairi.

Lakini Aristotle alimjibu mwalimu wake. Katika kitabu chake juu ya ushairi anasema kazi ya mshairi si kueleza lililotokea tu, bali lile linaloweza kutokea. Kwa mwanga huo tunamwelewa Shaaban Robert vizuri zaidi. Anapojichora kuwa mtu mkweli na mpole hatoi ripoti ya tabia yake ya juma lililopita. Anaonyesha mtu anayekusudia kuwa. Akishamwandikia binti yake namna ya kuishi, binti atasoma, atakua, kisha atamtazama baba yake mezani, barazani, siku ya mshahara na siku ya kukosa. Beti zake zinamshika shati.

Mwanafalsafa Mfaransa Paul Ricoeur alilieleza jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1990. Kwa maneno yetu wenyewe ni hivi: mtu hubadilika mwili, mawazo na hata tabia, lakini anaweza kubaki yuleyule kwa kulitunza neno alilolitoa. Ahadi ndiyo inayomuunganisha yule wa jana na yule wa kesho. Kwa hiyo hadithi ninayoisimulia kuhusu nafsi yangu inaweza kuwa ahadi ninayoitoa mbele ya mashahidi. Hapo ndipo kisasili kinapoachana na majigambo. Anayejigamba anadai sifa leo, na anayeahidi anajitia deni.

Upungufu tunaouona

Hatutaki kumgeuza Shaaban Robert kuwa sanamu, maana hapo tungerudia kosa lilelile la Hale. Tunathubutu kusema kwamba katika hadithi aliyoijenga mara nyingi tunamwona mtu aliyekwisha kunyooka. Unyenyekevu wake wakati mwingine unajitangaza. Huzuni yake tunaiona, lakini makosa yake ni vigumu kuyaona. Bahati nzuri ndugu yake Yusuf Ulenge alizitunza barua alizoandikiwa, na mwaka 2002 zikachapishwa chini ya uhariri wa Mulokozi, zikihusu miaka ya 1931 hadi 1958. Katika barua mshairi anashuka barazani na kuingia ndani ya nyumba: mambo ya ndugu, ya miswada, ya maisha ya kila siku. Kwetu sisi barua hizo hazimpunguzii ukubwa. Zinatuonyesha mkono ulioshika kalamu, na kwamba ukubwa ule ulijengwa na mtu mwenye ndugu na mahitaji.

Kinyume chake ni Mtakatifu Agostino. Katika *Maungamo* hajifichi. Anasimulia hata kuiba matunda ya jirani akiwa na miaka kumi na sita, matunda ambayo hakuwa na njaa nayo. Kwa upande wa kukiri makosa Shaaban Robert ana la kujifunza kwake. Lakini tusisahau jambo jingine. Agostino aliishi miaka mingi na mwanamke aliyemzalia mtoto, Adeodatus. Mwanamke huyo alirudishwa Afrika, na Agostino mwenyewe anaandika kwamba moyo wake ulichanika ukavuja damu. Monika, mama yake Agostino, anatajwa kwa jina. Adeodatus anatajwa kwa jina. Mama yake Adeodatus hatajwi. Wapo wanaosema Agostino alinyamaza kwa heshima, ili kumsitiri. Huenda ni hivyo. Lakini tukisikiliza vizuri, kutoka karne ya nne, tunamsikia mama huyo akiuliza swali la mama wa Hale.

Basi hata mtakatifu anaweza kueleza wito wake na kumwacha mtu mlangoni. Karani wa forodha wa Pangani, katika jambo hili moja, alifanya vizuri zaidi: Amina aliandikwa Amina.

Yanatuhusu nini?

Yanatuhusu sana, kwa sababu sisi waseminari ni watunzi wa visasili kwa kazi. Tuliandika historia ya wito tulipoomba kujiunga. Tunaisimulia tena kwa walezi, kwa vijana wa parokia, kwa wafadhili, kwa watoto wa Utoto Mtakatifu wanaotuuliza tulianzaje. Kila tukiirudia, inanyooka kidogo. Yule frateri aliyekuja seminarini kwa sababu shule ilikuwa nzuri na chakula kilipatikana, baada ya miaka minne anasimulia sauti aliyoisikia kanisani. Mwingine aliyewahi kurudishwa nyumbani mwaka mzima anauruka mwaka huo kama mtu anayeruka dimbwi. Hatusemi kwamba sauti haikuwepo. Tunasema Mungu anaweza kumwita mtu kupitia sahani ya ubwabwa, na hatuna sababu ya kumwonea haya.

Wapo watakaopinga. Wa kwanza atasema: shairi la jubilei ni pongezi tu, nani anaapa kwa shairi? Tunajibu kwamba watoto wadogo hulisikiliza kwa makini kuliko mahubiri. Mvulana mkorofi wa mstari wa nyuma akisikia kwamba padre hakuwahi kuwa mkorofi, anahitimisha kwamba mlango huo si wake. Wa pili atasema: ukitaja umaskini wa familia unaiaibisha. Hoja hii ni nzito zaidi, na tunaikubali nusu. Si kila jambo la nyumbani ni la kipaza sauti, na mhusika lazima aulizwe kwanza. Lakini dada yule hakuomba umaskini wake ufichwe, aliomba ahesabiwe. Baba yake alipewa namba, jina likabaki nyuma. Sisi hatukumpa binti hata namba ya ubeti.

Basi tunapendekeza mambo matatu kwa wenzetu. Kwanza, unapoandika historia ya wito wako, orodhesha majina ya watu kabla hujaandika sentensi ya kwanza: nani alilipa, nani alikesha, nani alibaki kijijini ili wewe uende. Pili, weka angalau kosa moja la kweli, si lile linalokupamba, kama kusema ulikuwa na bidii kupita kiasi. Tatu, soma upya ulichokiandika mwaka uliopita na ujiulize kama unakiishi. Kama hukiishi, una njia mbili: kubadili maandishi au kubadili mwenendo. Ya pili ndiyo tuliyojia huku.

Tulirudi Hale tukaliandika upya shairi lile. Kabla ya kuandika tulikaa uani kwa yule mama, tukamwamkia, tukamwomba atusimulie, na tukamuuliza nini kisemwe na nini kibaki nyumbani. Tuligundua kwamba padre hakuwahi kucheza Misa chini ya mwembe. Alikuwa akiwinda ndege kwa manati, na mara moja alivunja kioo cha nyumba ya msimamizi wa shamba, dada akakatwa mshahara. Hilo dada mwenyewe alituambia tuliweke, na padre alipoulizwa alicheka, akakubali. Beti zilipungua kutoka kumi na nne hadi tisa. Dada yumo katika ubeti wa tatu, kwa jina lake.

Tulimsomea yeye kwanza. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu aliyezoea mashairi ya redioni. Tulipofika mwisho alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ubeti wa tatu, mstari wa pili, mmepunguza mizani moja." Tukahesabu upya. Alikuwa amesema kweli, tukaurekebisha palepale.

Ombi letu kwako, ndugu msomaji unayejiandaa kuandika historia yako mwaka huu, ni dogo. Kabla hujaisoma mbele ya walezi au mbele ya umati, msomee kwanza aliyekulipia nauli.